Mzee Anayengojewa

Chai haina siku ya kumaliza kuvunwa. Mahindi hukomaa, yakavunwa, yakawekwa ghalani, na mkulima akapata miezi ya kupumua. Chai ya Roret, huku Bureti katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, huchipua mwaka mzima kwa sababu mvua ya nyanda hizi haikatiki kwa muda mrefu. Kila baada ya wiki moja au mbili mche uleule hurudiwa, majani mawili na kichipukizi chake huchumwa, na kilichochumwa sharti kifike kituo cha kukusanyia majani siku hiyohiyo, kwa kuwa jani bichi likikaa hupata joto, likabadilika rangi na kupoteza ubora. Naanza na kilimo kwa sababu kina uzito mkubwa katika mjadala wa uzee. Pasipo na siku ya mwisho ya mavuno, hapana pia siku ambayo mwenye shamba huambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Mzee wa miaka 75 asiyeweza tena kupanda mteremko na kikapu kilichojaa bado huweza kuchuma mstari mmoja au miwili kabla jua halijawa kali, kuwaangalia wachumaji wasichanganye majani magumu na laini, kutunza risiti za kilo, na kukumbuka ni kipande kipi kilipogolewa miaka mitatu iliyopita na sasa kinakaribia kupogolewa tena. Asubuhi ikifika, kuna mtu anayetaka kumuuliza jambo kabla ya kazi kuanza.

Wazee wa leo wa Roret wana historia moja na mimea hiyo. Chai ya Kericho ilianza kulimwa kibiashara miaka ya 1920 katika mashamba makubwa ya kampuni za Uingereza, juu ya ardhi ambamo wenyeji Wakipsigis waliondolewa, na kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda kwake. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950. Baada ya uhuru, shirika la chai la KTDA lililoundwa mwaka 1964 likawafikishia wakulima wadogo miche, barabara na viwanda. Mtu mwenye miaka 80 leo alikuwa kijana wakati miche ya kwanza ikitiwa katika shamba la baba yake. Amelipa karo kwa malipo ya kila mwezi, akaezeka mabati na kuoza watoto kwa bonasi ya mwaka, na mche unaozaa hata baada ya miongo mingi bado unamlipa. Ng'ambo ya ua, katika mashamba makubwa, maisha yamekwenda vingine. Mfanyakazi aliyechuma kwa miaka 30 na kulala katika nyumba ya kampuni hufikisha umri wa kustaafu, akarudisha funguo, akaondoka kwenda kijiji ambako pengine hakuwahi kuishi akiwa mtu mzima. Wote wawili wamechuma chai ileile na migongo yao inauma vilevile. Huyu wa pili huenda hata ana akiba iliyokatwa kwenye mshahara, ambayo jirani yake mwenye ekari moja hana. Lakini mmoja ameamka mahali anapojulikana ana kazi gani, na mwingine ameamka mahali ambapo siku ingekwenda vilevile hata asingekuwapo.

Hoja yangu iko katika tofauti hiyo. Furaha ya uzeeni hutegemea kupumzika kidogo, hutegemea mali kiasi, lakini zaidi ya vyote hutegemea kungojewa: kuwe na mtu fulani, kwa saa inayojulikana, ambaye siku yake ingepungukiwa kama wewe usingefika. Tumezoea kuwaahidi wazazi wetu kinyume chake. Mtoto aliyepata kazi Nairobi huwaambia wazee wake kwamba sasa watakaa tu na kula, na huiona ahadi hiyo kuwa kilele cha heshima. Ni ahadi ya upendo, wala siidharau. Ila ikitimizwa kikamilifu humwacha mzee na kiti, kikombe cha chai na saa kumi na mbili za mchana zisizo na mwenyewe. Ahadi bora ingetaja kazi itakayoondolewa kwa sababu inamuumiza, na ingetaja pia ile itakayobaki mikononi mwake kwa sababu hakuna mwingine anayeiweza kama yeye.

Ushahidi wa jambo hili hauko Kericho peke yake. Kusini mwa mpaka, kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wataalamu Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walianza katika miaka ya 1980 kuwafuatilia Wahadza, jamii inayoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kukusanya matunda. Waliona kwamba wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi kuchimba mizizi kuliko hata wasichana wenye nguvu. Waliona pia kwamba mama alipokuwa na mtoto mchanga kifuani, ukuaji wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulifuata bidii ya bibi yake. Kutokana na hayo wakajenga dhana kwamba maisha marefu ya mwanadamu baada ya kukoma uzazi, ambayo wanyama wengi hawana, yalitokana na kazi ya bibi. Dhana hiyo bado inajadiliwa na wataalamu wengine, na sitaki kuibebesha mzigo kuliko inavyoweza. Kilichopimwa porini kinatosha: mwanamke mzee alikuwa nguzo ya chakula cha wajukuu. Anayemwona mzee kuwa mtu wa ziada mezani anasahau kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yetu mezani palikuwa na chakula kwa sababu yake.

Upande wa pili wa dunia, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya mamia ya wanaume, wengine wanafunzi wake na wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston, na utafiti huo umeendelea hadi kwa watoto wao. Robert Waldinger, aliyeuongoza kwa miaka mingi, ameeleza kwamba waliokuwa na uhusiano wa kuridhisha na watu wao wakiwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80, na kwamba kipimo hicho kilibashiri vizuri kuliko kiwango cha mafuta katika damu. Naye Laura Carstensen wa Stanford ameonyesha kwamba kadiri watu wanavyoona muda wao uliobaki unafupika, hupunguza idadi ya marafiki na kubaki na wachache wenye maana kwao, na kwa wastani hisia zao huwa tulivu kuliko za vijana. Tafiti hizi zilianzia kwa Wamarekani, watu ambao wengi wao huchagua ni nani wa kuonana naye wiki hii. Mzee wa Roret hachagui sana: ndugu, jirani na mshirika wa kanisa wamekuwa watu walewale kwa miaka 60, wakiwemo aliogombana nao kuhusu mpaka. Jambo hili huonekana kama kizuizi, lakini mimi naliona kuwa hazina. Uhusiano uliovumilia ugomvi hauhitaji kutafutwa upya mtu anapokuwa amechoka.

Wakipsigis wenyewe walilifahamu jambo hili la kungojewa kabla ya chuo chochote, na walilijenga ndani ya desturi ambazo ni za vitendo kuliko zinavyosimuliwa. Mtoto alipozaliwa, wanawake wazee walitaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya; jina lililotajwa wakati huo ndilo la babu au bibi aliyerudi kwa watu wake. Tafakari shughuli hii inahitaji nini. Inahitaji mtu anayeyajua majina, na anayejua ni nani alikuwa mtoto wa nani. Nyumba yenye mtoto mchanga ilimhitaji kikongwe kama ilivyohitaji maziwa, na kikongwe alijua kwamba siku moja jina lake litakuwa miongoni mwa yatakayotajwa. Marika nayo yalikwenda kwa mzunguko huohuo: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na mengine, kila jina likitoka na kurejea baada ya karne moja hivi. Mwanaanthropolojia J. G. Peristiany aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu jamii ya Wakipsigis. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyekuwa mtoto wa Bureti hii hii, alichapisha mwaka 1979 historia simulizi ya watu wake. Kitabu cha namna hiyo hakiwezekani pasipo wazee waliokuwa wakisubiri kuulizwa.

Mkristo wa Roret, na Wakristo ndio wengi, anaweza kupinga hapa. Imani yake haimfundishi kwamba babu hurudi kupitia chafya ya mtoto, na makanisa yaliyoingia nyanda hizi, kuanzia misheni ya Litein hadi ile ya Tenwek karibu na Bomet, yalihubiri wazi dhidi ya sehemu kubwa ya desturi hizo. Sina nia ya kuchanganya mafundisho mawili yasiyochanganyika. Nasema tu kwamba kanisa lilipoondoa ibada ya zamani lilichukua pia wajibu uliokuwa ndani yake, yaani kumpa mzee nafasi ambayo kijana hawezi kuijaza, na kumhakikishia kwamba kifo hakitamfuta. Maandiko yake yenyewe yanaliwezesha kufanya hivyo. Katika Injili ya Luka, mtoto Yesu anapoletwa hekaluni, wanaomtambua ni wazee: Simeoni, aliyeishi akiusubiri wakati huo, na Ana, mjane mwenye umri wa miaka 84 aliyeshinda humo usiku na mchana. Makuhani wenye zamu hawatajwi kuwa waliona chochote. Wazee hao wawili walikuwa wakingoja, na simulizi inaonyesha kwamba nao walikuwa wakingojewa. Imani ya uzeeni, kama ninavyoielewa, ina pande zote mbili: mtu ana miadi aliyoahidiwa na bado haijafika, na wakati huohuo anaamini kwamba kuna Mmoja ambaye kwake kuchelewa kwake kungeonekana.

Mifano miwili ya karibu inaonyesha imani hiyo ikigeuka kuwa kazi ya kila siku. Serikali ya Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84. Baadaye Priscilla Sitienei, mkunga wa miaka mingi kutoka Ndalat huko Nandi, alivaa sare na kukaa darasa moja na vitukuu vyake akiwa amepita miaka 90. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi. Wote wawili walieleza kwamba walitaka kusoma Biblia wenyewe. Habari zao zilienea duniani kama kioja cha kupendeza, na hapo ndipo zilipopunguzwa thamani. Sitienei ndiye aliyewapokea walipozaliwa baadhi ya watoto waliokuwa wakisoma naye. Asubuhi alipofika shuleni aliingia mahali ambapo watoto walimtarajia, wakamwita Gogo, yaani bibi, wakataka hadithi na majina ya dawa za miti. Furaha iliyoonekana usoni mwake kwenye picha haikuwa ya kusoma herufi peke yake. Aliamka akiwa na mahali pa kwenda, na kitabu alichokiamini kilikuwa mwisho wa njia hiyo.

Sasa nije kwenye pingamizi zito. Msomaji atasema kwamba maneno ya maana na furaha ni anasa kwa mtu asiyejua atapata wapi dawa za shinikizo la damu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliofikisha miaka 60, na wengi wao hawana pensheni yoyote ya kazi. Mpango wa Inua Jamii huwapa waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo mara nyingi huchelewa. Pingamizi hili ni la kweli, na sipendi kitabu chochote kinachomfundisha maskini kuridhika. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima, wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na wanapata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na kutoka kwa serikali yenyewe. Ona mpangilio huo: matunzo yamewekwa bega kwa bega na kushiriki. Mzee akipokea shilingi zake, sehemu yake huenda kwenye daftari la mjukuu, kwenye sadaka, kwenye mchango wa matanga ya jirani. Wapo wanaoona hilo ni kuzitumia vibaya. Mimi naona ndilo jambo la kwanza ambalo fedha hizo zinanunua, yaani kurudi kwenye orodha ya wanaotoa. Umaskini wa uzeeni huumiza tumbo, na huumiza zaidi pale unapomwondoa mtu katika orodha hiyo. Kwa hiyo malipo yakichelewa miezi mitatu, mwenye njaa amenyimwa chakula na pia amenyimwa nafasi yake katika harambee.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, na mara nyingi hutolewa na wanawake. Linasema: mnawasifu nyanya wanaofanya kazi kwa sababu kazi hiyo inawafaa ninyi. UKIMWI uliwaachia wajukuu yatima, watoto waliokwenda mjini wamewaachia wengine, na sasa mwanamke wa miaka 70 anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wanne kwenda shule kisha anaingia kwenye chai. Huyo anangojewa na kila mtu, na amechoka. Nakubali, na pingamizi hili limenilazimisha kuifafanua hoja. Kungojewa ninakokusema kuna alama zake. Mtu anayengojewa anaweza kusema leo sitaweza, na dunia isianguke. Huulizwa maoni kabla ya uamuzi, wala haarifiwi tu baada yake. Hutajwa kwa shukrani mbele za watu. Palipokosekana mambo hayo matatu pana mzigo tu, hata ukivishwa jina la heshima, na mzigo huo hauzai furaha. Vipimo hivi vinaweza kutumiwa na familia yoyote jioni moja, na naamini nyumba nyingi zitajikuta zimeshindwa kwenye kipimo cha pili.

Wapo pia watakaoona kwamba ninaipamba zamani. Mabaraza ya wazee yalikuwa ya wanaume, na baadhi ya heshima waliyopewa ilitokana na hofu ya laana kuliko upendo. Hata desturi iliyomjali mwanamke mzee ilikuwa na gharama zake. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliruhusiwa kumtolea mahari msichana, ili watoto wa msichana huyo wahesabiwe kuwa wa nyumba yake na kurithi mali yake. Desturi hiyo ilimwokoa mkongwe kutoka upweke na umaskini. Ni vigumu kusema kwamba ilimuuliza msichana alitaka nini. Sipendekezi tuirudishe. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha jamii iliyokubali kwamba uzee usio na mtu wa kuulizia hali yako ni tatizo la wote linalotakiwa kutatuliwa kwa sheria, na haikumwachia mtu binafsi ajitafutie marafiki. Sisi tumeuacha kwa sehemu kubwa ufumbuzi ule, kwa haki, na hatujaweka mwingine.

Swali gumu kuliko yote nimelibakiza kwa sababu linaitikisa hoja kutoka ndani. Vipi kuhusu mzee asiyeweza kufanya chochote? Yupo aliyepooza. Yupo ambaye akili imemwacha, anayemwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na anayeuliza kila saa kama ng'ombe wamerudi ilhali boma halina ng'ombe kwa miaka 10. Kama maana ya uzee ni kuwa na kazi ambayo wengine wanaihitaji, basi huyu amebaki bila maana, na hoja yangu ingekuwa ya kikatili. Ndiyo maana sikusema kazi, nilisema kungojewa. Kazi ni njia iliyo rahisi zaidi ya kungojewa, na ikiwezekana isivunjwe mapema. Lakini mtu huweza kungojewa kwa kuwapo kwake tu, kama mtoto mchanga anavyongojewa bila kuwa na faida yoyote ya kuonyesha. Hapa sioni namna ya kuendelea bila imani. Hesabu ya faida, hata iwe pana na ya huruma kiasi gani, mwishowe itafika kwa mtu huyu na kuandika sifuri. Imani inakataa hesabu hiyo tangu mwanzo, kwa kusema kwamba thamani ya mtu ilitangulia kazi yake na haitaondoka pamoja nayo. Asiye na dini anaweza kufikia kauli hiyohiyo kwa njia nyingine, nami nitamshukuru. Ila katika nyanda za chai ni imani ndiyo iliyokwisha kuifikisha katika kila nyumba, kwa hiyo ni haki kuidai itende inachokiri.

Na inachotakiwa kutenda kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Mzee asiyefika ibadani kwa sababu ya magoti huhesabiwa kuwa mgonjwa, jina lake likatajwa katika maombi, kisha wiki zikapita. Tofauti ingekuwa kubwa kama ratiba ya kanisa la Roret, pamoja na zamu za kufagia na za kwaya, ingekuwa na jina la mzee, jina la kijana, siku na saa: Jumatano saa tisa, baada ya majani kupelekwa kituoni. Kijana aende na jambo la kuuliza, siyo zawadi peke yake: nani alipanda miti hii mpakani, wimbo huu uliimbwaje kabla ya gitaa, maziwa ya mgando ya nyumba hii, mursik, yalitiwa mkaa wa mti gani. Kwa aliyepoteza kumbukumbu, aende hata asipotambuliwa, na asikilize habari za ng'ombe. Nauli ya bodaboda itoke kwenye mfuko wa kanisa, kwa kuwa zamu inayotegemea pesa za kijana hufa mwezi wa pili. Na zamu hiyo isipewe wasichana peke yao, kama inavyoelekea kutokea kila mara kazi ya kutunza watu inapogawanywa.